Fundi wa Viungo

Kabla mhusika wa katuni hajainua mkono kuwapungia watoto, fundi amekwisha kuukata mkono huo begani. Ameukata tena kwenye kiwiko na mara ya tatu kwenye kifundo. Kila kipande amekichora peke yake, akakiviringa kwenye ncha ili kikipinda kisiache ufa, kisha akaweka alama ndogo mahali kitakapozungukia. Shingo imetengwa na kiwiliwili, kichwa kimetengwa na shingo. Mdomo umechorwa mara nyingi: umefumba, umefunguka, umebenuka. Vipande vyote vikikaa pamoja kwenye kompyuta, mtazamaji anaona mtoto mzima amesimama. Fundi anaona viungo.

Watu hawa wanastahili sifa wasizopewa. Mwigizaji wa filamu anajulikana kwa sura, mwimbaji kwa sauti. Anayefanya katuni ya Kiswahili iende, icheke na ihesabu hadi 10 hajulikani hata na mzazi ambaye mtoto wake hatoki mbele ya televisheni. Naandika nikiwa na macho ya Simiyu, mkoa wa pamba na ng'ombe, kwa sababu huku Usukumani sanamu yenye viungo haikuja na kompyuta.

Kwa Wasukuma ngoma ni mashindano. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili kubwa, Wagika na Wagalu, kwa kuwafuata waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanjani, kila moja ikicheza kivyake kwa wakati ule ule, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Watu wakianza kuhama kutoka huku kwenda kule, hukumu imetoka. Kwa hiyo kila manju alilazimika kubuni kitu cha kuwashika watu wasibanduke. Wengine walicheza na chatu, wengine walirusha majembe juu na kuyadaka. Wapo pia waliochonga sanamu za mbao, nyingine zikiwa na mikono iliyoungwa kwenye bega ili itikisike. Ukitaka kuona ngoma na vifaa vya makundi hayo, nenda Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement.

Aliyechonga bega la sanamu ile alijua jambo ambalo kila studio ya katuni inaishi kwalo: mti ukitikiswa mahali panapostahili, jicho la mtu linaukubali kuwa uhai. Alijua pia kwamba watazamaji hawalazimishwi. Wakichoka, wanahama.

Nchini Ujerumani, mwaka 1926, mwanamke mmoja aitwaye Lotte Reiniger alimaliza filamu ndefu ya katuni ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote zilizosalia hadi leo, The Adventures of Prince Achmed. Watu wake aliwakata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi na vibati vyembamba vya risasi, akaunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye mwanga chini yake. Akipiga picha moja, anasogeza kiwiko kidogo. Akipiga nyingine, anasogeza tena. Kazi ilianza 1923 ikaisha baada ya miaka 3. Hadithi yenyewe aliitoa katika Alfu Lela Ulela, kisima kile kile ambamo wasimuliaji wa pwani yetu wameteka maji kwa vizazi vingi.

Kompyuta haikubadilisha msingi wa kazi hiyo. Iliondoa mkasi na waya, ikaacha jicho, mkono na subira.

Twende kwenye hesabu. Televisheni ya kwetu huonyesha picha 25 kila sekunde. Mafundi wengi huliacha kila pozi likae kwa picha mbili, hivyo wanahitaji mapozi 12 au 13 kwa sekunde moja. Katuni ya dakika 11, urefu uliozoeleka kwa vipindi vya watoto wadogo, ina picha 16,500. Mtoto anaimaliza kabla chai yake haijapoa. Fundi ameikalia wiki kwa wiki.

Ugumu hauishii kwenye wingi. Kompyuta ukiipa pozi la kwanza na la mwisho, itajaza yaliyo katikati, lakini itayagawa sawasawa, na mkono utakwenda kama mshale wa saa. Mwili wa kiumbe hauendi hivyo. Mkono unaanza polepole, unashika kasi, unapunguza kabla ya kufika, tena mara nyingi unapita kidogo kisha unarudi. Kichwa kikigeuka, macho hutangulia na kope hufumba katikati ya safari. Fundi mzuri anayaweka hayo yote kwa mkono, pozi kwa pozi, akijua kwamba akifanikiwa hakuna atakayeyaona. Watakachoona ni mtoto aliyegeuka.

Chukua ng'ombe, maana Simiyu haiwezi kuzungumzwa bila ng'ombe. Anapotembea taratibu hunyanyua mguu wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Kichwa hupanda na kushuka kwa kufuata miguu ya mbele. Nundu hailingani na hatua. Mwili ukishatua, nundu ndiyo kwanza inamalizia kuyumba, na ngozi inayoning'inia shingoni inachelewa zaidi ya nundu. Mchoraji aliyemjua ng'ombe kwenye picha ya kitabu atamtembeza kama meza. Mtoto wa Mwandoya au Lagangabilili, aliyelala akihesabu mifugo na kuamka akiitoa zizini, ataona kasoro hiyo papo hapo hata kama hana jina la kuiita. Jicho lake limesoma darasa ambalo hakuna chuo kinachoweza kulifundisha kwa miezi sita.

Au chukua mdomo. Katuni nyingi tunazoonyeshwa zilitengenezwa kwa lugha nyingine, zikatiwa sauti ya Kiswahili baadaye. Tazama midomo: sauti imekwisha, mdomo bado unatafuna. Katuni iliyozaliwa katika Kiswahili ina raha yake. Lugha yetu ina irabu 5 na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka kwa mpangilio ulio wazi. Fundi anahitaji maumbo ya a, e, i, o na u, umbo la midomo iliyokutana kwa m, b na p, umbo la meno juu ya mdomo kwa f na v, na umbo la ulimi kwa sauti kama l. Mhusika akisema "Mama amepika wali", midomo inakutana mara 4 kisha inaviringika kwenye w. Ukikosea moja kati ya hizo 4, mtoto wa miaka mitatu hatakwambia umekosea. Atageuka tu, aangalie kuku anayepita uani. Ndiyo maana sauti hurekodiwa kwanza, na picha hufuata.

Katika katuni, Afrika Mashariki haikuanza na studio. Ilianza na wino. Waliosoma jarida la Sani wanawakumbuka Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili, watu wa karatasi waliokuwa na tabia kamili ingawa hawakusogea hata unywele. Magazeti yetu yakalea wachoraji wa siasa ambao mstari wao mmoja unatambulika bila sahihi. Mmoja wao, Godfrey Mwampembwa, Mtanzania tunayemjua kwa jina la Gado, alikwenda kuchora Nairobi, na mwaka 2009 akawa nyuma ya The XYZ Show, kipindi cha vibaragosi vya wanasiasa kilichowafanya Wakenya wawacheke wakubwa wao kwenye televisheni.

Hatua kubwa ya katuni zinazosogea ilipigwa Nairobi mwaka 2010. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa huko na Homeboyz kwa kushirikiana na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza: vipindi 52 vya dakika 11 kimoja, na muziki wa Eric Wainaina. Piga hesabu yetu ile ile na utapata picha 858,000. Ulimwengu wa wanyama wale, wenye madoa na rangi kali, ulitoka kwa Mtanzania, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya ubao, akafariki mwaka 1972. Mtindo wake hauna kivuli wala kina, na hapo ndipo ufundi wa Nairobi ulipopimwa: kumfanya mnyama bapa, aliyechorwa ili atulie, atembee bila kupoteza ubapa wake. Walifaulu. Watoto wa Uingereza walijua kwa nini tembo ana mkonga mrefu kwa rangi zilizozaliwa Dar es Salaam.

Kila anayefikiria biashara hii atazame pia upande wa pili wa kazi hiyo. Mtindo ulikuwa wa Tanzania, mikono ilikuwa ya Kenya, na kampuni na vituo vilivyoagiza kipindi vilikuwa vya nje. Katika katuni anayechora hulipwa ujira, anayemiliki mhusika hulipwa kila mara mhusika huyo anapotokea. Studio inayotaka kuishi haina budi kuwa na wahusika wake.

Hilo ndilo Ubongo walilolifanya. Studio hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013 na watu watano: Nisha Ligon, Rajabu Semtawa, Cleng'a Ng'atigwa, Tom Ng'atigwa na Arnold Minde. Januari 2014 kipindi chao cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kuonyeshwa TBC1, kikifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya somo husika. Hawakuchukua katuni ya mtu na kuitia sauti. Walikaa wakajiuliza mtoto wa Kitanzania anakwama wapi kwenye sehemu, kwenye vipimo, kwenye uwezekano, wakatunga kisa ambamo mhusika anakwama pale pale na kujikwamua.

Walifanya na jambo moja la busara lililotokana na kuijua nchi. Mwaka 2014 simu janja zilikuwa chache vijijini, lakini simu ya tochi ilikuwa katika nyumba nyingi. Basi katuni iliuliza swali, ikatoa majibu ya kuchagua, na mtoto akajibu kwa ujumbe mfupi wa simu, kisha akapata jibu kana kwamba mhusika mwenyewe amemwandikia. Fikiria mtoto wa Mkula, kule Busega, ameshika simu ya baba yake na katuni imemjibu. Televisheni, ambayo siku zote husema bila kusikia, ilikuwa imempa nafasi ya kuongea.

Mwaka 2016 wakaongeza Akili and Me kwa ajili ya watoto wadogo kabisa. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na familia yake. Akilala usiku huingia Lala Land, na huko yeye na rafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba, maumbo na kuchora. Nywele zake, nguo zake na nyumba yao ni vya kwetu, na hakuna anayeeleza wala kujivunia kwamba ni vya kwetu. Vipo tu, kama inavyopaswa.

Ukitaka kuuona ufundi wa kipindi kama hicho, zima sauti na utazame kasi yake. Katuni nyingi za nje hukata picha kila baada ya sekunde chache. Hapa mhusika anahesabu kitu kimoja, anasubiri. Anahesabu cha pili, anasubiri. Kusubiri huko kumepimwa, maana ni nafasi ya mtoto aliyeko sakafuni kutaja namba kabla mhusika hajaitaja. Kuacha kitu kisisogee kwa sekunde mbili kunahitaji ujasiri kwa mtu ambaye kazi yake ni kusogeza vitu. Tena mhusika hatulii kabisa: kope inapepesa, kifua kinapanda kidogo, ili mtoto asidhani umeme umekatika.

Ujasiri huo haukutoka hewani. Ubongo wana desturi ya kuwapelekea watoto kazi yao wakati ingali mbichi na kukaa nao wakitazama. Wanaangalia mtoto anacheka wapi, anageuka wapi, anaitikia wapi. Kipande kinachowapoteza watoto kinarudi mezani, hata kama mchoraji wake alikipenda. Ni hukumu ile ile ya uwanja wa Wagika na Wagalu, isipokuwa hapa umati umekaa mkekani na una miaka minne.

Sasa biashara. Katuni ina ugumu mmoja ambao kazi nyingine za filamu hazina kwa kiasi hicho: gharama zote zinatangulia. Filamu ya kawaida unaweza kuipiga kwa wiki moja kwa kamera ya kuazima na nyumba ya rafiki. Katuni inalipa mwandishi, mtunzi wa nyimbo, waigizaji wa sauti, mchora mandhari, mtengeneza viungo, mhuishaji na mhariri kwa miezi, kabla senti moja haijaingia. Wakati huo huo kituo cha televisheni chenye bajeti ndogo kinaletewa katuni za Marekani, Ulaya na Asia ambazo zilikwisha kurudisha gharama zake kwao, na kwa hiyo zinaweza kuuzwa huku kwa bei ya kutupa. Studio ya Dar es Salaam haiwezi kushindana na bei hiyo, na anayesema ni uvivu wa vijana wetu hajaifanya hesabu.

Kwa hiyo studio za ukanda huu zinaishi kwa njia tatu au nne. Zipo zinazochora matangazo ya kampuni za simu na benki, zikitumia faida yake kutengeneza hadithi zao usiku. Zipo zinazopata kazi za kuagizwa na mashirika ya afya, kilimo na elimu. Zipo zinazofanyia studio za nje sehemu ya kazi. Ubongo walichagua kuwa shirika la kijamii: fedha nyingi zinatoka kwa wafadhili, na kipindi kinawafikia watoto bila kuwadai wazazi wao ada. Lipo la kuhofia hapo, maana mfadhili akibadili mwelekeo studio inatikisika. Lakini wahusika ni mali yao, na hiyo ndiyo akiba.

Akiba hiyo ina tabia ya pekee. Mwigizaji mtoto hukua, sauti ikakatika, ndevu zikaota. Akili alikuwa na miaka minne mwaka 2016 na bado ana miaka minne. Kila mwaka linazaliwa kundi jipya la watazamaji ambao kwao kipindi cha kwanza ni kipya kabisa. Tena mdomo unaweza kupewa sauti nyingine: Akili amezungumza Kiswahili, Kiingereza na Kinyarwanda, na vipindi vya Ubongo vimevuka mipaka hadi Afrika Magharibi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, Ubongo walivitoa vipindi vyao bure kwa vituo vya televisheni na redio barani Afrika. Kazi iliyochorwa miaka kadhaa nyuma ikawa mwalimu wa dharura bila kuongezwa mstari hata mmoja.

Je, watoto wanajifunza kweli, au wanafurahi tu? Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapima watoto 568 wa shule za awali mkoani Morogoro, wengine wakiangalia Akili and Me na wengine kipindi tofauti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walioangalia Akili waliwazidi wenzao katika kutambua namba, kuhesabu, kujua maumbo, Kiingereza na kuchora. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Joe Watson, Sara Hennessy na Anna Vignoles, walitumia takwimu za Uwezo, tathmini ya ujifunzaji wa watoto, na kuona kwamba pale Ubongo Kids ilipoonekana zaidi, uwezo wa watoto katika hisabati ulikuwa juu zaidi, kwa gharama ndogo mno kwa kila mtoto. Ufundi umepimwa kwa mizani ya kisayansi na haukupungua.

Kwa Simiyu matokeo hayo yana uzito wa ziada. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2. Watoto wengi wa Maswa, Meatu, Itilima, Busega na Bariadi wanakua na Kisukuma nyumbani, kisha siku ya kwanza ya darasa wanakutana na mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Mtoto aliyekwisha kumsikia Akili akihesabu, akiomba, akishukuru na akikosea kwa Kiswahili hafiki pale mikono mitupu. Televisheni moja ya sola na king'amuzi kwenye kaya moja hutazamwa na watoto wa kaya kadhaa. Wasio na televisheni huona kipande kwenye simu ya kaka aliyenunua bando, au kwenye kibanda umiza mpira ukiwa haujaanza.

Lakini katika mazingira hayo yote yaliyochorwa, Simiyu yenyewe haijaonekana vya kutosha. Mlima upo, bahari ipo, jiji lipo. Mbuga nyeupe ya pamba iliyopasuka mwezi wa sita, robota zikingoja lori, mawe makubwa, vumbi la ng'ombe wanaorudi jioni, Mto Simiyu unaokauka na kufura, hivi bado vinamsubiri mchoraji wake. Na dunia haikatai hadithi za wafugaji. Julai 2023 Disney+ ilionyesha Kizazi Moto: Generation Fire, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Afrika, na mojawapo ilikuwa Herderboy ya Raymond Malinga wa Creatures Animation, Kampala, inayomhusu mtoto anayetamani kuwa mchungaji shujaa katika Uganda ya kubuni ya miaka ijayo. Mchunga ng'ombe amefika huko kwa sababu mtu aliyewajua ng'ombe alipewa nafasi ya kuwachora.

Nafasi hiyo inaweza kuanza na kazi ndogo. Tangu mwaka 2011 mradi wa SAWBO, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, umetengeneza katuni fupi za kufundisha wakulima na kuzitia sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Katuni ya dakika mbili inayoonyesha jinsi ya kukagua wadudu kwenye tumba la pamba inaweza kuagizwa kwa studio ya Kitanzania na kuonyeshwa uwanja wa Nyakabindi wakati wa Nane Nane, kisha ikagawiwa kwa simu hadi kila chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Halmashauri zinazotenga fedha za mabango na fulana zinaweza kutenga za kazi kama hiyo, na kuweka sharti kwamba kijana mmoja wa Simiyu akae studio miezi yote ya kazi akijifunza viungo. Huyo akirudi, mkoa una fundi.

Kwa wazazi na walimu nina ombi jepesi zaidi. Kaeni mbele ya katuni ya Kiswahili pamoja na watoto wenu walau mara moja, msome majina yanayopita mwishoni, muwaambie watoto kwamba hao ni watu na hiyo ni kazi inayolipwa. Na mtoto anayejaza ng'ombe pembezoni mwa daftari la hisabati msimchape kwa kuchafua daftari. Mkagueni kwanza: nundu imekaa sawa? Mguu uliotangulia ni wa nyuma? Kama ndiyo, mnunulieni daftari la pili lisilo na mistari.